Haki, zawadi ao deni? Tuongee juu ya “faida za hiari” kazini

Maneno tuliyotoa mbele ya vijana wafanyakazi hapa Lubumbashi. Tunayaweka hapa juu wengi waliomba kuyasoma tena polepole, na juu wenzetu wa Likasi na Kolwezi hawakuweza kufika.



 Tunajua leo ni siku moja tu ya kupumzika muko nayo kwa juma, na wengine kati yenu mumetoka kazi ya usiku, hata macho inawauma. Kwa hiyo hatutazunguka sana. Tumekuja kuongea juu ya karatasi moja.

Ni ile karatasi wanakupatia siku ya kwanza ya kazi, pamoja na kontra. Kontra unajaribu kuisoma, juu kontra inatisha. Lakini ile karatasi ya pili haitishi. Iko na rangi nzuri, iko na picha ya familia yenye kucheka. Inasema: kwa sababu wewe ni mufanyakazi wetu, utapunguziwa bei kwa duka fulani, utachukua simu na kulipa polepole, utaingia kwenye asiransi ya mazishi, utapata mufuko wa unga kila mwezi kwa bei ya kampuni. Chini kabisa imeandikwa: “kwa hiari yako”. Na kando ya hayo maneno kuna nafasi ya kutia mukono.

Nani hapa hajatia mukono? Tunaona watu wawili tu. Basi sisi wengine tuko pamoja.

Tutaanza na habari ya mwenzetu mumoja. Ameturuhusu kuisimulia bila jina yake na bila jina ya kampuni, juu bado anatafuta kazi katika muji huu.

Dada huyu alikuwa anapokea franka kwenye kesi ya duka kubwa. Nyuma ya CNSS na kodi, mushahara wake wa mukononi ulikuwa dola 150. Juma ya kwanza wakamuonyesha simu: “Bei yake ni 200. Kwako wewe mufanyakazi ni 150, utalipa 25 kila mwezi, miezi sita.” Nani angekataa? Dola 50 zimepunguzwa, na hakuna mutu wa kukusumbua mulangoni, zinakatwa zenyewe. Akasema ndiyo. Wakamuletea asiransi ya mazishi, dola 4 kwa mwezi. Akasema ndiyo, juu kwao walikuwa wametoka kuzika na aliona vile familia iliteseka. Wakamupatia karti ya duka, kupunguziwa 10%, na unaweza kuchukua vitu leo, watakata mwisho wa mwezi. Ndiyo tena. Halafu mutoto akagonjwa katikati ya mwezi, akaomba avansi ya dola 30. Wakamupatia bila maneno mingi.

Mwisho wa mwezi wa tatu akafungua fishi yake ya mushahara. Simu 25. Asiransi 4. Vitu vya duka 48. Avansi 30. Jumla dola 107. Mukononi alibaki na dola 43, na nyumba alikuwa anakodi 40.

Dola tatu, wandugu. Mutu aliyesimama mwezi muzima mbele ya kesi, amerudi kwao na dola tatu.

Na si hiyo tu. Siku moja alipita kwa duka ndogo ya simu karibu na soko ya Mzee. Akaona simu ile ile. Bei: dola 110. Kumbe ile “kupunguziwa” ilimuongezea dola 40. Na mwezi wa nne kontra yake ikaisha, hawakuirudilia. Dola 50 za simu zilizobaki zikakatwa mara moja kwenye hesabu ya mwisho.

Unajua alituambia nini? Hakutukana kampuni. Alisema: “Ni mimi sijui kuchunga franka.” Alikuwa na haya. Alikaa miezi mingi bila kumuambia hata mama yake. Hiyo haya ndiyo imetuleta hapa leo, juu tulipoanza kuulizana kati yetu, tulikuta wengi wanaibeba, kila mutu peke yake, kila mutu akifikiri ni yeye tu.

Sasa, tusikilizane vizuri. Hatukuja kusema kila kitu kampuni inatoa ni mutego. Hatukuja kukuambia urudishe karti kesho. Tumekuja kukupatia maneno matatu ya kubeba mufukoni. Kila mara wanakuletea “faida”, uliza: hii ni haki, ni zawadi, ao ni deni?

Tuanze na haki.

Congo iko na sheria ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Watu wanaisema sana, wanaisoma kidogo. Sheria hiyo inasema mwenye kazi anapaswa kutunza mufanyakazi akigonjwa, na si yeye peke yake, hata familia yake. Inasema juu ya nyumba: kampuni ikupatie pa kulala, ao ikupatie franka ya nyumba. Inasema juu ya franka ya watoto. Vifaa vya kukulinda kazini, kama helmeti, boti, gla, ni muzigo wa mwenye kazi.

Basi ukiona kwenye karatasi yenye rangi nzuri imeandikwa “Faida yetu kwako: dakitari”, usipige makofi bado. Hiyo ni haki, ilikuwa yako mbele hawajachapisha ile karatasi. Ukiona “viatu vya usalama kwa nusu ya bei”, simama hapo hapo. Wanakuuzia nusu kitu ambacho wanapaswa kukupatia kizima. Na wakikuambia “asiransi ya afya ya hiari, utatoa dola 6 kila mwezi”, uliza kwa adabu: hii inaongeza kitu juu ya matunzo sheria inataka, ao inachukua nafasi yake? Kama inaongeza, tunaweza kuongea. Kama inachukua nafasi, basi wewe ndiye unalipa deni ya bosi.

Neno ya pili ni zawadi.

Zawadi iko, tusidanganye. Kuna wenzetu wanafanya kazi kwa kiwanda ya mikate. Kila siku wakitoka wanapewa mikate miwili. Hakuna kitu kinakatwa, hakuna karatasi, asiyetaka anaacha. Watoto wanakula asubuhi. Hiyo ni zawadi na tunasema aksanti. Vilevile kampuni ikiuzia wafanyakazi vitu inatengeneza yenyewe, kwa bei ya kiwandani kweli kweli, bila kumulazimisha mutu, hiyo ni jambo nzuri.

Lakini hata zawadi iko na upande wa pili. Mutu anayekupatia zawadi anaweza kuiacha siku yoyote anataka. Na zawadi haiingii kila mara kwenye hesabu. Hapa tunaomba mutege masikio kidogo, juu hapa ndipo franka nyingi inapotelea.

Sheria ya kazi inapofasiria mushahara, inahesabu mambo mengi: mushahara wenyewe, primu, saa za kuongeza, hata bei ya vitu ambavyo kampuni inakupatia kama sehemu ya malipo. Lakini inaacha inje matunzo ya ugonjwa, franka ya nyumba, franka ya watoto, na franka ya transpori. Na kupunguziwa bei kwa duka? Mara nyingi haionekani hata kwenye fishi. Haiandikwi popote. Na kitu kisichoandikwa hakihesabiwi siku ya konje, hakihesabiwi siku wanakufukuza, hakihesabiwi siku ya pansio.

Tufanye hesabu pamoja. Mufanyakazi wa kwanza analipwa dola 200. Wa pili analipwa dola 150, na wanamuambia: “Lakini uko na karti ya kupunguziwa bei, ile karti peke yake ni kama dola 50.” Kwa pansio, CNSS inachukua 5% kwa mufanyakazi na 5% kwa mwenye kazi. Wa kwanza anaweka dola 20 kila mwezi, zake na za bosi pamoja. Wa pili anaweka 15. Kwa mwaka mumoja, 240 na 180. Ongeza miaka 30 juu yake. Huyo wa pili atakapozeeka, karti haitamulisha.

Na je, ile karti ni dola 50 kweli? Wanapunguza 10%. Ili upate dola 50 kwa kupunguziwa 10%, unapaswa kununua vitu vya dola 500 kwa mwezi. Mushahara wako ni 150! Nani katika kampuni ananunua vitu vya dola 500? Ni shefu. Karti moja, kampuni moja, sheria moja kwa wote, lakini mwenye mushahara mukubwa anavuna dola 50 na wewe unavuna dola 4, kama duka ile haiuzi mchele kwa bei ya juu kuliko soko. Na mara nyingi inauza. Nenda uangalie mwenyewe bei ya mafuta na sabuni, halafu upite soko ya kartie yako.

Neno ya tatu ni deni.

Kitu chochote kinachokatwa kwenye mushahara wako kesho juu ya kitu umechukua leo, jina yake ni deni. Wanaweza kuiita faida, wanaweza kuiita programu, wanaweza kuipaka rangi. Deni si zambi. Sisi wote tunakopa. Lakini deni ya kazini iko na kitu deni ya mama wa kartie haina: yule unayemudai mushahara ndiye anakudai deni. Anajilipa yeye mwenyewe, mbele mushahara haujafika mukononi yako. Mama wa kartie unaweza kumuambia, “Mama, nivumilie mpaka juma ijayo, mutoto amegonjwa.” Fishi ya mushahara haivumilie mutu.

Na iko tena jambo moja. Mutu mwenye deni haongei. Utaomba nini kwa bosi wakati ungali unadaiwa dola 75 za simu? Utasema nini juu ya saa za usiku? Utaingia vipi kwenye sendika? Tuliuliza dada yetu kwa nini hakulalamika mwezi wa tatu. Alisema: “Niliogopa wakinifukuza watakata yote mara moja.” Na walipomaliza naye, walikata yote mara moja.

Wandugu, mambo hii si mupya hapa kwetu. Sisi ni watoto wa Katanga, tunajua hii hadithi mbele hatujazaliwa.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Tangu miaka ya 1920 ilianza kuweka wafanyakazi pamoja na familia zao kwenye kambi: nyumba ya kampuni, posho ya kampuni, dispanseri ya kampuni, masomo ya kampuni. Babu zetu wengi walikula posho hiyo, na hatuwezi kusema haikusaidia. Watoto walisoma, wamama walizaa kwenye lopitali. Lakini mwezi wa 12 mwaka wa 1941, hapa hapa, muji ukingali unaitwa Élisabethville, wafanyakazi waliacha kazi. Waliomba nini? Posho walikuwa nayo. Nyumba walikuwa nayo. Waliomba mushahara upande. Wakakusanyika kwenye stade, na askari wakawapiga risasi. Watu walikufa wakiomba mushahara, na tumbo yao haikukosa unga wa kampuni. Wazee wale walielewa kwamba mutu anayelishwa na mutu anayelipwa si mutu mumoja.

Mwaka wa 1967 serikali ikachukua kampuni, na nyuma ikaitwa Gécamines. Mambo ikaendelea vile vile: kazi, nyumba, mufuko wa unga, masomo, lopitali, vyote kwa mulango mumoja. Mwisho wa miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka. Miaka ya 2000 ilipoanza, haikufikia hata tani 50.000. Na kampuni ilipoanguka, havikuanguka mishahara peke yake. Mufuko wa unga ulianguka. Masomo ikaanguka. Lopitali ikakosa dawa. Juu vyote vilikuwa vimefungwa kwa kamba moja, na kamba ilikatika.

Halafu ikaja mwaka wa 2003. Zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines walitoka kazi kwa programu iliyolipwa na franka ya Banque mondiale. Munajua vile iliitwa. Katika kila kartie hapa kuna baba ao babu wa “départ volontaire”. Volontaire, maana yake kwa hiari. Mutu hajalipwa miezi na miezi, watoto wamefukuzwa masomo, halafu unamuwekea franka na kalamu juu ya meza na kumuuliza: unataka ao hutaki? Hiari gani hiyo? Wazee wengi mpaka leo wanasema hesabu waliyopewa haikulingana na miaka waliyotumika.

Ndiyo maana sisi, watoto wao, tukiona neno “kwa hiari” kwenye karatasi ya kazi, hatupaswi kupita mbio. Hiari iko na masharti. Lazima uelewe kitu unachokubali. Lazima uwe na njia ingine. Na lazima ukisema hapana, kusifuate kitu. Kama karatasi ni ya Kifransa kizito, umepewa siku moja na kontra, na anayekuangalia unapotia mukono ndiye atakayesema kama kontra itarudiliwa, hapo hiari iko wapi?

Watu wengine wanafikiri tunatunga. Basi waangalie sheria ya dunia. Mwaka wa 1949, Shirika la Kazi la Dunia, OIT, liliandika mukataba namba 95 juu ya kulinda mushahara. Mukataba unasema mwenye kazi asizuie mufanyakazi kutumia mushahara wake vile anataka. Unasema kama kampuni iko na duka yake, mufanyakazi asilazimishwe kununua pale. Na kama hakuna duka ingine karibu, basi vitu viuzwe kwa bei ya haki, duka isiwe ya kutafutia kampuni faida. Unasema tena kukata mushahara kunaruhusiwa tu vile sheria imepanga. Sheria yetu ya kazi pia inataja mambo ambayo yanaweza kukatwa, na inaweka mpaka. Mbele tu ya vita ya pili ya dunia kuisha, mwaka wa 1945, Wafaransa nao waliamua kwamba katika kampuni kubwa, mambo ya kusaidia wafanyakazi, kama kantini, likizo za watoto, vitu vya kupunguziwa bei, yasimamiwe na kamati ambayo wafanyakazi wenyewe wamechagua. Bosi anatoa franka, lakini funguo iko kwa wafanyakazi. Hiyo tunaikumbuka vizuri: swali si tu wanatupatia nini. Swali ni nani anashika funguo.

Sasa tufanye nini? Hatutaki murudi nyumbani na kasirani peke yake.

Ya kwanza, maswali matano. Andika kwa simu yako, hata kama bado unailipa.

Moja: hii si haki yangu tayari? Kama ni matunzo ya ugonjwa, kama ni vifaa vya kukulinda, rudi kwa sheria.

Mbili: bei ya soko ni ngapi? Usiangalie bei “ya kawaida” waliyoandika wenyewe. Piga simu kwa rafiki, pita soko, linganisha, halafu ndipo ujibu. Kitu kizuri leo kitakuwa kizuri hata juma ijayo.

Tatu: nikikataa, kutanifikia nini? Uliza mbele ya watu wengine. Jibu peke yake litakufundisha.

Ine: nikitoka kazini, deni inaenda wapi? Itakatwa mara moja, ao nitaendelea kulipa polepole? Kama haijaandikwa, omba iandikwe.

Tano: nani anapata kitu juu yangu? Maduka na asiransi zinaweza kulipa aliyewaletea wateja. Kama kuna mutu anapata komisio kwa mukono wako, uko na haki ya kujua.

Ya pili, fishi ya mushahara. Mwenye kazi anapaswa kukupatia hesabu ya mushahara kwa maandishi. Ichunge. Usiitupe, usifungie ndani yake karanga. Weka zote kwa pochi moja, ao uzipige picha. Kila mustari unaokatwa, uulize jina yake. Mustari usio na maelezo, peleka kwa delege wa sendika. Kama hakuna delege, ao delege ni shemeji ya bosi, inspeksio ya kazi iko. Tunajua munacheka. Tunajua iko na watu wachache na wakati mwingine hata transpori hawana. Lakini mutu mumoja akienda, anarudishwa. Watu 15 wakienda na fishi 15 zenye kufanana, hiyo ni dosie.

Ya tatu, tufanye wenyewe. Ukweli ni kwamba vitu hivi vinatuvuta juu tuko na haja navyo. Mazishi iko. Ugonjwa iko. Bukari lazima ikuwe kwa meza. Basi tusiachie bosi peke yake kujibu haja zetu. Likelemba tunaijua, wenzetu wa Kivu wanaiita kirimba. Watu kumi na mumoja, dola kumi, kila mwezi mumoja anachukua. Hiyo peke yake ingenunua ile simu ya dola 110, na dada yetu asingekuwa na deni kwa bosi wake.

Wenzetu wa kartie moja hapa walienda mbali zaidi. Munajua unga mwingi tunaokula unatoka Zambia, unapita Kasumbalesa. Bei inapanda kila mukono unapopita. Basi wafanyakazi 20, wa kampuni mbalimbali, waliungana, wakanunua mifuko kwa jumla, wakakodi gari moja, wakagawanya. Walipata bei ya chini kuliko ile “bei ya kampuni”. Haikuwa bila matata. Mara ya kwanza gari lilichelewa siku mbili, mufuko mumoja ukalowana, na watu wawili wakakawia kulipa. Wakakaa, wakaandika sheria zao kwenye kaye, wakachagua mwanamuke mumoja wa kuchunga franka na mwingine wa kuchunga kaye, juu mutu mumoja asishike vyote viwili. Sasa inatembea. Na hakuna anayeogopa kuongea kazini juu ya mufuko wa unga.

Ya ine, tuombe kwa sauti moja. Kwa makampuni tunasema hivi, bila tusi na bila woga. Karatasi ya faida isitolewe siku moja na kontra. Mupe mutu mwezi mumoja. Iandikwe kwa luga mutu anaelewa, na Kiswahili iko. Muonyeshe bei ya soko kando ya bei yenu. Mutu akitoka kazini, deni yake ilipwe polepole vile ilipangwa. Na mbele ya kutupatia karti, ongezeni mushahara, juu mushahara ndio karti inayokubaliwa kwa maduka yote. Kwa serikali tunasema: inspeksio ya kazi ipewe watu na njia ya kufika kazini, si kungoja tu kwa biro.

Bosi mumoja alituambia, na alikuwa anaongea bila ubaya: “Nyinyi vijana hamuna shukrani. Ninawapatia kitu ambacho sheria hainilazimishe, na bado munalia.” Tulimujibu kwa heshima, juu ni mutu mukubwa: Baba, kwa kile unatupatia bure, aksanti. Kwa kile sheria inakuomba, hakuna aksanti, kuna kulipa. Na kwa kile unatuuzia, tupe bei ya kweli na utuache tuchague. Alinyamaza kidogo. Halafu akauliza ile simu inauzwa ngapi kwa soko. Hakuwa anajua. Mutu wa biro yake ndiye aliyepanga na muuzaji. Tunaamini hakuwa anajua. Ndiyo maana kuuliza kuna maana, hata kwa upande wa bosi.

Tunamalizia na dada yetu. Yuko hapa leo, lakini hatutamuonyesha. Alipotusomea fishi yake mara ya kwanza, sauti ilikuwa inatetemeka. Alipomaliza, kijana mumoja akatoa yake mufukoni. Halafu mwingine. Usiku ule tulihesabu fishi saba juu ya meza, na kwa kila moja kulikuwa mustari ambao mwenyewe hakuweza kueleza. Dada akaziangalia zote, akasema: “Kumbe si mimi tu.” Tangu siku ile ndiye anawafundisha wengine kusoma fishi, na haya imemutoka.

Basi kazi ya juma hii ni moja. Siku ya mungu ijayo, saa tisa, mahali hapa hapa, kila mutu alete fishi yake ya mushahara na ile karatasi yenye rangi nzuri. Ufunike jina kama unaogopa. Tutakaa wawili wawili, tutasoma mustari kwa mustari, na kando ya kila mustari tutaandika neno moja: haki, zawadi, ao deni.

Mukuje na kalamu.